Dit da jow: ya mwalimu, ya kuloweka mwenyewe, au ya kiwandani?

Mtu yeyote aliyepita kwenye klabu ya kung fu ya kusini mwa China, iwe Hung Gar, Choy Li Fut au Wing Chun, anaijua harufu: kafuri, mizizi michungu na pombe kali. Hiyo ni dit da jow, dawa ya kuchua inayokaa kwenye rafu ya mwalimu ikingoja mwanafunzi apigwe ugokoni au ateguke kidole. Zamani hukuweza kuinunua bila kumjua mwenyewe. Siku hizi inauzwa mtandaoni kwa chupa za mililita 118 hivi, inauzwa kama pakiti ya mizizi mikavu ya kuloweka nyumbani, na ina ndugu zake wa kiwandani wanaopatikana kwenye maduka ya Wachina Dar es Salaam na Nairobi.

Hukumu tuitoe mapema, kwa wasio na muda. Kwa anayefanya mazoezi kila wiki, pakiti ya kuloweka ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Chupa ya mwalimu ni bora zaidi endapo mwalimu mwenyewe yupo karibu na mkono wake unakuja pamoja na chupa. Ya kiwandani inafanya kazi yake vizuri, ila kazi hiyo si ile ambayo wengi huinunulia.

Kilichomo ndani

Hakuna fomula moja. Kila ukoo wa kung fu una yake, na kila ukoo huapa kuwa ya jirani ni maji ya kuoshea vyombo. Lakini ukizimwaga fomula kumi mezani utaona zinafanana kuliko wenyewe wanavyopenda kukiri.

Kuna viungo vya kuitawanya damu iliyovilia: hong hua, yale maua mekundu yanayouzwa sehemu nyingine kama zafarani ya bandia, tao ren, yaani kokwa za pichi, su mu, mti mwekundu unaoipa dawa rangi yake, na mizizi ya dang gui, chuan xiong na chi shao. Kuna vya mifupa na kano: xu duan na gu sui bu. Kuna da huang na manjano kwa uvimbe wenye joto. Halafu kuna utomvu wa aina mbili ambao ni nadra kukosekana: ru xiang na mo yao. Kwetu hivyo ni ubani na manemane.

Hapa msomaji wa pwani ana faida ambayo mnunuzi wa Ulaya hana. Ubani na manemane bora havitoki China, vinatoka Somalia, Ethiopia na Uarabuni, na vimekuwa vikisafiri kwenda China kwa karne nyingi. Jahazi la karne ya 13 lililofukuliwa Quanzhou, bandari ya China, mwaka 1974 lilikutwa na shehena ya miti ya manukato pamoja na ubani ndani yake. Kwa hiyo pakiti unayoagiza kwa dola kutoka ng'ambo ina vitu viwili ambavyo huenda vilipita mlangoni kwako. Vinunue sokoni. Ubani mzuri ni matone ya manjano hafifu, ukiutafuna unalainika na kung'ang'ania meno. Manemane ni mabonge ya kahawia yenye wekundu, machungu sana. Epuka ule ubani wa kufukizia uliotiwa rangi na marashi, maana marashi hayo yataingia kwenye ngozi yako.

Walioipeleka ng'ambo

Huwezi kuielewa bei wala tabia ya bidhaa hii bila kujua maisha ya waliokuwa wakiitengeneza. Katika Guangdong, jimbo la kusini mwa China, mwishoni mwa karne ya 19, mwalimu wa ngumi na muunga mifupa walikuwa mtu mmoja. Sababu yake ni ya kawaida tu: anayefundisha kurusha watu chini ndiye anayeona viungo vilivyoteguka kila siku, na ada ya mafunzo peke yake haikutosha kulisha nyumba. Wong Fei-hung, maarufu kuliko wote, alikuwa na zahanati yake ya Po Chi Lam mjini Guangzhou. Iliteketea mwaka 1924 katika mapigano kati ya serikali na jeshi la wafanyabiashara. Alipofariki, mjane wake Mok Kwai-lan alihamia Hong Kong, akafundisha ngumi na kuunga mifupa huko hadi uzee wake. Alifariki 1982. Kwa wale wanaodhani kazi hii ilikuwa ya wanaume tu, jina hilo linatosha.

Waliovuka bahari kwenda Marekani walikuta hali nyingine. Sheria ya 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia, na haikufutwa hadi 1943. Lau Bun, mzaliwa wa Taishan na mwalimu wa Choy Li Fut, aliingia katika miaka hiyo ya kuzuiwa. Shule yake ilikuwa Chinatown ya San Francisco, na kwa miaka mingi haikupokea watu wasio Wachina. Jioni alifundisha, na aliyevunjika au kuteguka alijua pa kubisha hodi. Los Angeles alikuwepo Ark Yuey Wong, naye mwalimu na mjuzi wa mitishamba, ambaye katika miaka ya 1960 alianza kuwafundisha watu wa kila asili.

Fikiria riziki ya mtu kama huyo. Mchana ana chumba kimoja chenye kabati la droo za mizizi, mizani ndogo, kinu cha chuma, mabanzi ya mianzi na karatasi nene za kupakia dawa ya kubandika. Jioni viti vinasukumwa ukutani na chumba kinakuwa uwanja. Wateja wake ni watu wa mtaani kwake: wapishi walioungua, madobi wenye migongo, vibarua. Wengi hawana lugha ya kujieleza hospitalini, na baadhi wana karatasi za uhamiaji ambazo hawataki ziangaliwe sana. Malipo yanaingia kwenye bahasha nyekundu, kila mtu na uwezo wake. Leseni hana, kwa sababu leseni ya kazi hiyo haipo. Jimbo la kwanza Marekani kuitambua tiba ya Kichina kisheria lilikuwa Nevada, mwaka 1973. Hong Kong yenyewe ilipitisha sheria ya kuwasajili waganga wa Kichina, waunga mifupa wakiwemo, mwaka 1999.

Hilo ndilo lililoizaa chupa unayoiona dukani. Kuunga mfupa bila leseni katika nchi ya watu kunaweza kukufikisha mahakamani, lakini kumuuzia mwanafunzi dawa ya kuchua hakumshtui mtu. Mkono ulibaki kimya chumbani, chupa ikatoka kwenda sokoni. Na wengi wa wanaoinunua leo hawajui kwamba wamenunua nusu.

Chupa ya mwalimu

Bei yake mtandaoni kwa kawaida ni kati ya dola 15 na 30 kwa chupa ndogo, bila usafirishaji. Nzuri yake ina rangi ya kahawia iliyoiva yenye wekundu, si nyeusi kama lami. Itikise: mashapo membamba yanainuka na kutulia polepole. Tone moja kwenye karatasi nyeupe likikauka linaacha duara lenye ukingo wa utomvu, na kidole kikipita pananata kidogo. Likikauka bila kuacha kitu zaidi ya rangi, umeuziwa pombe iliyotiwa rangi. Harufu ya kafuri ikitangulia na kufunika kila kitu, shuku. Kafuri ni rahisi, na ndiyo hutumika kuficha umaskini wa mengine.

Madai ya umri yapuuze. "Imelowekwa miaka 20" ni maneno ambayo hakuna mnunuzi awezaye kuyahakiki, na baada ya mwaka wa kwanza tofauti inakuwa ndogo. Lisilopuuzwa ni orodha ya viungo. Mwuzaji anayekataa kutaja kilichomo kwa kisingizio cha siri ya ukoo hastahili pesa yako, na hapa hatuzungumzii heshima, tunazungumzia sumu. Fomula nyingi za zamani zina chuan wu au cao wu, mizizi ya jamii ya akonaiti. Sumu yake inavuruga mapigo ya moyo, na waliokunywa dawa ya kupaka yenye mizizi hiyo kwa kudhani ni dawa ya kuongeza nguvu wamekufa. Nyingine zina ma qian zi, mbegu zenye strikinini. Mwalimu anayejua kazi anaweza kuwa na sababu ya kuvitumia. Wewe unayenunua bila kumwona huna.

Kama una bahati ya kuwa na mwalimu wa kweli, unacholipia ni dakika kumi za mkono wake. Angalia anavyofanya kwa kifundo cha mguu kilichoteguka. Haanzi na dawa. Anakishika kisigino kwa kiganja kimoja, kidole gumba cha mkono mwingine kinatembea polepole nyuma ya ile nundu ya mfupa ya upande wa nje, kikibonyeza kila sentimita, naye anatazama uso wako wala hatazami mguu. Ukiruka anapobonyeza mfupa wenyewe, anaacha hapohapo na kukutuma ukapigwe eksirei. Usiporuka, ndipo anamwaga kijiko cha dawa kiganjani, anasugua viganja hadi vipate moto, na kuanza kuchua kutoka vidoleni kuelekea gotini, akilizunguka eneo lililovimba bila kulikanyaga. Chupa haina maelekezo ya namna hiyo.

Pakiti ya kuloweka

Hii ndiyo tunayoipendekeza, na ndiyo inayoharibiwa na watu wengi, kwa hiyo tutakaa hapa.

Pakiti ya kawaida isiyo na sumu ina uzito wa gramu 150 hivi. Mfano mzuri wa kulinganishia unaponunua: dang gui gramu 15, chuan xiong 15, su mu 15, da huang 15, chi shao 12, hong hua 12, tao ren 12, xu duan 12, gu sui bu 12, ubani 12, manemane 12, manjano 10. Hiyo inatosha lita 1.5 hadi 2 za pombe. Ukiweka lita tatu au nne, kama wauzaji wengine wanavyoshauri ili pakiti ionekane rahisi, utapata chai.

Pombe iwe ya asilimia 40 hadi 50. Vodka ya bei ya chini inafaa kabisa. Usipoteze pesa kwa chapa kubwa. Konyagi ina asilimia 35, inafanya kazi ila utomvu unayeyuka kidogo zaidi na itakubidi uongeze muda. Tembo, mnazi na bia havifai kabisa, vitachacha. Gongo na chang'aa usiguse: hujui ina methanoli kiasi gani, na methanoli hupenya kwenye ngozi. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda inatoa utomvu vizuri, lakini inaikausha ngozi na imetiwa vitu vya kuzuia watu wasiinywe, ambavyo navyo utakuwa unajipaka kila siku.

Asiyetaka pombe ndani ya nyumba ana njia mbili za haki. Siki ya asilimia 5 ni ya zamani pia, hasa kwa wanaokomaza viganja kwa kupiga mfuko. Harufu yake ni ya kachumbari na ikifika miezi sita ibadilishe. Ya pili ni mafuta ya ufuta: weka viungo na mafuta kwenye bakuli la kioo, bakuli ndani ya sufuria ya maji yanayofuka mvuke bila kuchemka, saa mbili hadi tatu, kisha chuja. Mafuta hayavuti kila kitu ambacho pombe inavuta, lakini kwa mgongo na goti ni mazuri mno, na yanateleza vizuri zaidi mkononi.

Kazi yenyewe ianze na utomvu. Ubani na manemane ukivitwanga kama vilivyo, joto la kinu litavigeuza kuwa ulimbo na utakaa ukikwangua hadi jioni. Viweke kwenye friza saa nzima, kisha twanga harakaharaka viwe kama chumvi ya mawe. Mizizi migumu ivunje vipande vya ukubwa wa ukucha. Ikiwa unga kabisa, hutaweza kuchuja. Maua yaache yalivyo. Kila kitu kiwe kikavu, na chombo kiwe kikavu zaidi.

Tumia mtungi wa kioo au wa udongo wenye ngozi ya kung'aa kama kioo ndani. Plastiki hapana, pombe na utomvu vinaila taratibu, na kifuniko chake kinanywea. Kifuniko cha chuma kiwekee karatasi ya kuokea katikati kisiguse dawa, la sivyo kutu inaingia. Mimina pombe hadi ipande vidole viwili juu ya viungo, acha nafasi juu ya kutikisia, andika tarehe, weka kabatini mbali na jua na mbali na jiko. Wiki ya kwanza tikisa kila siku, maana mizizi inakunywa na kuvimba, na huenda ukahitaji kuongeza pombe. Baadaye tikisa mara moja kwa wiki. Wiki sita ni kiwango cha chini. Miezi mitatu ndiyo dawa. Kafuri, gramu 5 hivi, iongeze mwishoni kabisa baada ya kuchuja. Ukiitia mwanzoni hutaweza kunusa kama mengine yameiva.

Kuna wanaofupisha muda kwa kuichemsha. Wasikudanganye. Mvuke wa pombe juu ya jiko la gesi ni moto unaongoja, na faida yake ni wiki chache tu.

Yanayoharibika huwa ni yaleyale. Ukungu juu: viungo vimetokeza nje ya pombe, au pombe ilikuwa dhaifu au mzizi ulikuwa na unyevu. Mtungi wenye ukungu umwage wote, usichuje ukajifariji. Bonge gumu chini: utomvu haukutwangwa au hukutikisa wiki ya kwanza. Lipasue kwa mwiko wa mbao na uendelee. Rangi iliyopauka baada ya miezi miwili: jua, au uwiano mbaya. Dawa inayowasha na kutoa vipele: mara nyingi ni kafuri iliyozidi au ngozi isiyoelewana na hong hua au manjano, jaribu tone ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima kabla ya kupaka mguu mzima.

Ukishachuja kwa kitambaa cha pamba, viungo vilivyobaki unaweza kuviloweka mara ya pili kwa nusu ya pombe ya kwanza. Mara ya tatu ni ubahili. Na dawa iliyokamilika inatia madoa ya manjano kwenye shuka na sare nyeupe, doa lisilotoka kwa sabuni yoyote.

Jambo moja kuhusu pakiti za zamani: nyingine bado zina magamba ya kakakuona, na katika maandiko ya kale utakuta mfupa wa chui milia. China ilipiga marufuku biashara ya mfupa huo mwaka 1993, na biashara ya kimataifa ya kakakuona imefungwa. Mwuzaji akikupa pakiti yenye chuan shan jia, mrudishie. Haina lolote ambalo mizizi mingine haifanyi, na forodhani utaitwa pembeni.

Ya kiwandani

Zheng Gu Shui ndiyo inayotafutwa zaidi. Ni nyepesi, ya manjano ya kahawia, ina mentholi na kafuri nyingi, na inakauka ndani ya dakika chache. Kwa misuli iliyochoka na kiungo kinachouma bila kuvimba, inafanya kazi haraka kuliko dawa ya kuloweka. Kasoro yake ni hiyohiyo kasi: baridi ya mentholi inaficha maumivu, mtu anarudi mazoezini juu ya kano iliyochanika. Usiipake kisha ukaweka kitambaa cha moto juu yake, utaungua.

Mafuta ya Wood Lock ya Hong Kong ni jamii nyingine: karibu nusu yake ni methili salisilati, ndugu wa aspirini. Kwa mgongo uliokaza na shingo ni mazuri sana, tone sita au saba tu. Lakini mtu anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiyaguse, kwa kuwa salisilati inapita kwenye ngozi na kuizidisha nguvu dawa hiyo, hadi damu inaweza kuvuja. Asiyeelewana na aspirini naye akae mbali. Na Tiger Balm, iliyoanzia kwa mganga mhamiaji wa Kichina mjini Rangoon, ni nzuri kwa kichwa na mafua, ila kuiita dit da jow ni kumwonea kila mtu.

Kwenye maduka ya kwetu angalia lakiri ya kifuniko, tarehe ya kuisha na maandishi yaliyochapwa vizuri. Bidhaa hizi zinaigwa sana.

Kuitumia bila kujiumiza

Saa 48 za kwanza baada ya kuteguka, usichue kwa nguvu. Mishipa midogo bado inavuja, na kidole gumba chako kitaifungua zaidi. Paka kwa pamba, acha ikauke, inua mguu, weka baridi. Siku ya tatu ndipo kuchua kunaanza: kijiko kimoja cha chai, dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kuelekea moyoni. Funga bandeji ya kitambaa ukitaka, kamwe usifunge nailoni. Rangi ya zambarau ikianza kuwa ya kijani na manjano, kazi inakwenda.

Usipoweza kupiga hatua nne kwa mguu huo, au mfupa wenyewe ukiuma unapobonyezwa, weka chupa chini na uende hospitali. Vivyo hivyo kidole kilichopinda, kiungo kilichotoka mahali pake, au ganzi. Hakuna dawa ya kuchua inayounganisha mfupa uliovunjika.

Usipake kwenye kidonda kilicho wazi, machoni, wala kwa mtoto mdogo. Kafuri ni sumu kwa watoto wachanga. Mjamzito asitumie, kwani hong hua, tao ren na manemane ni viungo ambavyo waganga wa Kichina wenyewe humkataza. Na isinywewe. Chupa iandikwe SUMU, KUPAKA TU kwa herufi kubwa, hasa ikiwa imewekwa kwenye chupa iliyokuwa ya vodka, kwa kuwa wageni wa nyumbani hawaulizi.

Kwa wanaofanya kiganja cha chuma, yaani mazoezi ya kukomaza mkono kwa kupiga mfuko, matumizi ni tofauti kidogo. Mfuko wa turubai wenye choroko ndiyo mwanzo, kilo tatu au nne, na choroko zinapatikana kila soko. Paka dawa viganjani kabla, dakika mbili za kusugua, piga kwa uzito wa mkono unaoanguka tu, kisha paka tena baadaye kwa dakika tano. Choroko zikisagika kuwa unga, badilisha. Anayeruka choroko akaenda moja kwa moja kwenye kokoto kwa kuwa ana dawa nzuri atazeeka na vidole visivyokunja, na hakuna fomula itakayomrudishia.

Kuhusu ushahidi, tusidanganyane. Viungo kimojakimoja vimechunguzwa maabara, na kadhaa vinaonyesha uwezo wa kupunguza uvimbe. Mchanganyiko mzima, ukilinganishwa na kuchua kwa mafuta ya kawaida, haujapimwa kiasi cha kumridhisha daktari. Sehemu kubwa ya nafuu huenda inatoka kwenye mkono. Kwa bei ya pakiti moja inayotosha mwaka mzima, hilo halitusumbui. Kwa bei ya chupa ya dola 30 inayoisha mwezi mmoja, linasumbua.

Anayeagiza kwa mara ya kwanza amwulize mwuzaji mambo manne kabla ya kulipa: uzito wa pakiti kwa gramu, orodha kamili ya viungo, kama kuna wu yoyote au ma qian zi, na kama utomvu umefungwa peke yake au umechanganywa na mizizi. Ukichanganywa, tayari umeshanatana njiani, na itakubidi uuchambue kwa kisu kabla hujaupeleka friza.